BOLTI IKIGOMA, USISHINDANE NAYO
Na mwalimu wa kujitolea, Base Camp

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaongelea kitu kidogo sana, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto, lakini kimeshalaza watu njaa hapa hapa Nakivale. Ni bolti iliyogoma kufunguka.

Najua wengine mtasema, mwalimu ameishiwa habari, hiyo si kazi ya mafundi? Hebu tuhesabu pamoja. Ni nyumba ngapi hapa kambini zinakula kwa sababu ya baiskeli inayobeba majerikani ya maji na magunia ya mahindi? Ni nyumba ngapi zinategemea pikipiki ya bodaboda? Chombo kikisimama, sufuria nayo inasimama. Na mara nyingi kinachosimamisha chombo si injini iliyokufa. Ni pancha tu, ni mnyororo tu, ni oili ya kubadilisha tu. Kazi ya nusu saa. Lakini bolti moja inakataa, kijana anakasirika, anatafuta bomba refu, anakandamiza kwa nguvu zote, na kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya wiki mbili na deni juu yake.

Nitoe mfano wa familia moja tunayoifahamu, jina na kijiji nayaacha. Mama ana watoto wanne. Yule mkubwa alikuwa anaendesha pikipiki ya kukodi, kila wiki anampelekea mwenye chombo hesabu yake, kinachobaki ni cha nyumbani. Siku moja akaamua kubadilisha oili mwenyewe, apunguze gharama. Wazo zuri kabisa. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa ya spana namba 17, yeye alikuwa na ya 18. Ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili, kichwa kikalika pembe zote. Akachukua tindo na nyundo, akaipiga ovyo. Bolti haikutoka. Kilichotoka ni kipande cha ganda la injini, maana ganda lile ni aluminiamu, halivumilii nyundo. Mwenye pikipiki akachukua chombo chake na gharama akamwachia kijana. Wale wadogo wawili wakakaa bila sare za shule muhula mzima. Yote hayo kwa milimita moja ya spana!

Kwa hiyo nimekaa siku kadhaa na mafundi wa kwenye kituo, nikiwatazama na kuwauliza. Mengine nimeyachota kwenye somo la fizikia la sekondari, kwani kumbe mambo yale tuliyokuwa tunakariri ubaoni ndiyo yanayotendeka ndani ya nati. Kata ukurasa huu uuhifadhi.

MANENO KWANZA

Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kusema buloni na ekru, na kifaa cha kufungulia tunakiita kle. Huku duka la vipuri ukisema kle, muuzaji anakutazama tu. Hapa ni bolti, nati na spana. Zile mistari za kuzunguka kwenye bolti ni nyuzi, mafundi wengi wanasema thredi. Bolti ikishikwa na kutu tunasema imeganda. Pembe za kichwa zikiisha, kichwa kikawa mviringo kama kifungo, tunasema imelika kichwa. Ni magonjwa mawili tofauti, ila mara nyingi la kwanza linazaa la pili.

KWA NINI INAGANDA

Chuma kikipata maji na hewa kinakuwa kutu. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Sasa fikiria ndani ya nyuzi hakuna nafasi ya kupanuka. Kutu inavimba mle mle na kubana pande zote, kama mbegu za maharage zilizovimba ndani ya chupa. Ndiyo maana bolti uliyoikaza kwa mkono mmoja mwaka jana, leo wanaume wawili hawaifungui.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye kila uwazi. Mvua zikianza linakuwa tope, linaganda juu ya nati na kutunza unyevunyevu wiki nzima. Pia kuna bolti za chuma zilizofungwa ndani ya aluminiamu, kama nyingi za kwenye injini ya pikipiki. Metali hizo mbili zikikutana na maji, aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe ambao nao unabana.

KABLA HUJAZUNGUSHA CHOCHOTE

Safisha. Chukua brashi ya waya, kama huna hata msumari, toa tope na kutu juu ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi zinazoonekana nje. Spana isipozama mpaka chini itashika ncha za pembe tu, na ncha ndizo zinazolika.

Chagua spana sawasawa. Ile ya mdomo wazi inashika pande mbili tu za bolti. Ile ya ringi au boksi inazunguka kichwa chote. Kwa bolti ngumu tumia ringi au boksi, na ikiwezekana ile ya pembe sita ndani. Ile ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuivalisha lakini inateleza mapema. Na ile spana ya kubana na kulegeza, ambayo mafundi wana jina lake la utani nisiloweza kuliandika kwenye gazeti la familia, iache kwa nati laini. Mdomo wake unalegea kidogo kidogo wakati unakandamiza.

Jua unaelekea wapi. Ukiitazama bolti kwa upande wa kichwa chake, kulegeza ni kinyume na mshale wa saa. Lakini iko iliyogeuzwa: pedali ya kushoto ya baiskeli. Ile nyuzi zake ni za kinyume, inalegea kwa kufuata mshale wa saa. Ni watu wangapi wamekaza pedali ya kushoto jasho likiwatoka, wakidhani wanaifungua!

DAWA YA KWANZA NI MUDA

Mafundi wote niliowauliza, hakuna aliyeanza na nyundo. Walianza na mafuta. Mjini Mbarara kuna dawa za kopo za kupuliza, ni nzuri, lakini zina bei. Wengi hapa wanachanganya oili ya injini na dizeli au mafuta ya taa, nusu kwa nusu, wanadondosha matone machache pale nyuzi zinapoingia. Usitumie petroli. Inakauka upesi na inaita moto.

Halafu unaacha. Hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Wanaweka mafuta, wanahesabu mpaka kumi, wanapanda juu ya spana. Mafuta yanahitaji muda wa kutambaa. Weka jioni, gonga kichwa cha bolti mara chache kwa nyundo ndogo, gonga tu, usipige, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Rudia kabla ya kulala. Asubuhi ndiyo ujaribu. Kama ni nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, ambayo unajua kabisa iko siku pancha itakukuta njiani, usingoje siku hiyo. Ifungue ukiwa nyumbani siku ya mapumziko.

Angalizo kubwa: mafuta yasiguse sehemu za breki, yaani diski, pedi au viatu vya breki. Breki yenye oili haishiki, na aliyebebwa nyuma hajui hilo.

MBELE KIDOGO, NYUMA KIDOGO

Asubuhi vaa spana vizuri. Cha ajabu, usianze kwa kulegeza. Anza kwa kukaza kidogo tu, kama vile unaisalimia. Wakati mwingine unasikia tak! Huo ni mlio wa kutu kuachia. Sasa legeza robo mzunguko, rudi nyuma kidogo, weka tone la mafuta, songa tena. Kutu iliyovunjika ni kama mchanga. Ukilazimisha mzunguko mzima, mchanga ule unajikusanya na kubana upya.

Sikiliza mkono wako. Bolti inayolegea inaachia ghafla kisha inakuwa nyepesi. Bolti inayotaka kukatika inakuwa laini, inapinda kama mpira, spana inasogea lakini kichwa hakiinuki. Ukiusikia ulaini huo, SIMAMA. Ukiongeza nguvu kidogo tu, kichwa kinabaki ndani ya spana na mwili unabaki ndani ya injini.

Kuhusu bomba la kurefusha spana, tufanye hesabu ya darasani. Bolti ndogo ya milimita 6, inayofunguliwa kwa spana namba 10, ikiwa imara inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kama kilo 5 tu mwishoni mwa spana ya sentimita 20. Sasa wewe unachomeka bomba, urefu unafika sentimita 60, unakandamiza kwa kilo 30. Urefu ni mara 3, nguvu mara 6, jumla umeipa mara 18! Hata ng'ombe hawezi kubeba mara 18 ya mzigo wake. Bomba ni la bolti nene za ekseli na za magurudumu ya gari. Na kwa gari, legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua jeki, siyo gari likiwa limening'inia.

MOTO UNASAIDIA, MOTO UNAUA

Mafuta yakishindwa, mafundi wanaenda kwenye moto. Sababu yake ni ile ile ya darasani, kitu kikipata joto kinapanuka. Ukipasha nati, tundu lake linakua, bolti inapumua. Na aluminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Ndiyo maana bolti ya kumwagia oili inafunguka vizuri injini ikiwa ya vuguvugu, umeiwasha dakika chache tu, na oili nayo inashuka yote. Kijana wetu wa hapo juu angewasha injini kidogo na kuazima spana ya 17 kwa jirani, ule muhula wa wadogo zake usingepotea.

Asiye na gesi anafanya hivi: anachoma kipande cha nondo kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, anakishika kwa koleo na kukiegemeza juu ya nati. Anarudia mara mbili tatu. Kisha anagusisha mshumaa pembeni mwa nati. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi, inafanya kazi kama mafuta. Anangoja ipoe kiasi, anafungua.

Lakini sikilizeni vizuri. Tangi la petroli litolewe na lipelekwe mbali, siyo kufunikwa na gunia. Petroli haingojei moto uifikie, mvuke wake ndio unaoufuata moto. Usipashe karibu na tairi, mpira wa breki, nyaya au beringi. Kama ulishaweka mafuta, futa kwanza. Na watoto wasiwe karibu, maana nondo iliyopoa rangi bado inaunguza.

KICHWA KIKISHALIKA

Hapa kuna njia kadhaa, kuanzia ya upole.

Ya kwanza, tafuta boksi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo kuliko bolti, iingize kwa kuigonga na nyundo mpaka ing'ate. Bolti ya 14 iliyolika mara nyingi inashikwa na boksi ya 13. Boksi hiyo inaweza kuharibika, kwa hiyo tumia kuukuu, siyo ya kuazima.

Ya pili, tupa. Sugua pande mbili za kichwa zinazotazamana mpaka ziwe bapa na sambamba, kisha vaa spana ya namba ndogo. Inachukua muda, lakini haigharimu senti.

Ya tatu, koleo la kujifunga lenyewe, wengi wanaliita vaisigripu. Likaze mpaka ujisikie umelikaza kupita kiasi, ndipo uzungushe. Koleo la kawaida usilijaribu, litamaliza pembe zilizobaki.

Ya nne, tindo kwenye ukingo wa kichwa. Chora kwanza kovu, kisha gonga kwa mshazari ukielekea upande wa kulegeza. Hii ni kwa bolti iliyofungwa kwenye chuma kizito tu. Kwenye ganda la injini, hapana.

Kwa skrubu za kichwa cha msalaba, chagua bisibisi inayojaza msalaba wote. Igonge nyuma mara moja izame, kandamiza chini kwa nguvu kuliko unavyozungusha. Msalaba ukishaisha, kata mfereji mmoja kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa.

Ya mwisho ni fundi wa kuchomelea. Anaweka nati nzima juu ya kile kichwa kilicholika na kuichomelea kwa ndani. Unapata kichwa kipya, na joto lenyewe limeshafungua kutu. Mwambie atoe nyaya za betri kwanza. Na kama nati iko wazi na bolti yake ni ya bei ndogo, kwa nini uteseke? Kata nati kwa msumeno, nunua nyingine.

Bolti ikikatikia ndani, hapo mpelekee anayejua kutoboa katikati kabisa kwa keekee. Ukitoboa upande umeharibu nyuzi za tundu, na tundu ni la injini. Usiendeshe chombo kikiwa kimepungukiwa bolti ya breki, ya ekseli au ya usukani eti kwa sababu zimebaki tatu. Zile tatu zinabeba mzigo wa nne.

MACHO NI MAWILI TU

Tindo ikigongwa na nyundo inarusha vipande vidogo vya chuma ambavyo havionekani. Kimoja kikiingia jichoni, usikisukume wala usikisugue, funika jicho bila kulibonyeza na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Bora zaidi, vaa miwani, hata ile ya jua ya sokoni ni afadhali kuliko macho matupu. Na unapolegeza bolti ngumu, vuta spana kuja kwako usiisukume. Ikiachia ghafla wakati unasukuma, vidole vinaenda kupiga fremu.

UNAPORUDISHA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bolti ya mwakani inafunguliwa leo, siku unayoifunga. Safisha nyuzi, paka grisi kidogo, anza kuizungusha kwa vidole tu mizunguko mitatu. Ikikataa vidole, imeingia upande, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana. Kaza kwa kiasi. Bolti yenye grisi inateleza, kwa hiyo ni rahisi kuikaza kupita kipimo.

Ukinunua mpya, tazama kichwani. Zipo zenye namba. Ile ya 8.8, kila milimita ya mraba ya chuma chake inavumilia karibu kilo 80 kabla ya kukatika. Ile ya 4.6 inavumilia karibu kilo 40, ni nusu yake. Zote zinang'aa sawa dukani. Ya kufungia bati iache kwenye bati, usiifunge kwenye breki.

NENO KWA WAZAZI

Vijana wetu wengi, na wasichana nao wameanza, wanajifunza ufundi kwenye vibanda. Ni jambo jema. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na ufundi ni mali ambayo mtu anahama nayo bila kuibeba kichwani. Lakini nimeona kibandani kijana anasifiwa kwa sababu ana misuli, amefungua bolti kwa nguvu. Tumsifu yule aliyesafisha, akaweka mafuta, akaenda kufanya kazi nyingine, akarudi asubuhi. Huyo ndiye atakayeaminiwa na chombo cha mtu.

Na nyinyi wenye vyombo, msimsimamie fundi kichwani mkisema fanya haraka, abiria wananingoja. Haraka yenu ndiyo inayokata bolti, na anayelipa ni nyumba yako. Kama majirani watano mkichangia, mnaweza kununua seti moja ya spana za ringi kuanzia 8 mpaka 19, na kuiweka kwa mmoja anayeaminika na daftari la kuandikisha anayeazima. Ni gharama ndogo kuliko ganda moja la injini.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, nenda kwenye baiskeli au pikipiki yako ukaziangalie nati za gurudumu la nyuma. Zikiwa nyekundu kwa kutu, matone mawili ya mafuta, kisha ukalale. Tukutane toleo lijalo.